Waraka kwa Mwenye Ufunguo wa Koki ya Maji

Mheshimiwa Mkurugenzi,

 Natumaini rangi mpya ya matangi imeshakauka vizuri. Juzi nilipita barabarani nikayaona: meupe pee, nembo ya kampuni kwa buluu, ngazi za manjano, na lile bango la "Usalama Kwanza" limeandikwa upya kwa herufi kubwa zaidi. Hongera sana. Mgeni rasmi akija ahadharishwe tu aje na miwani ya jua.

Jina lako na la kampuni nimeyahifadhi. Sikusudii kukuaibisha, na pia naamini kwamba wakurugenzi kadhaa wa maghala ya mafuta wakiusoma waraka huu, kila mmoja atadhani ameandikiwa yeye. Sitamkatalia hata mmoja.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha kuandika. Mimi ni mkaguzi wa matangi. Kazi yangu ni kuingia ndani yakishatolewa mafuta na kusafishwa, nikatambaa sakafuni na tochi na vipimo, nikaandika ni chuma kiasi gani kimebaki. Taarifa yangu kuhusu tangi lako la dizeli, iliyotokana na vipimo vya nje na daftari la zamu, niliileta ofisini kwako mwenyewe. Katibu muhtasi wako aliipiga muhuri wa IMEPOKELEWA kwa ustadi mkubwa. Nilipofuatilia, nikaambiwa jambo hilo linafanyiwa kazi. Nilipofuatilia tena, nikakuta kweli kazi inafanyika: mafundi wamepanda majukwaa, wanapaka rangi. Nje.

Kutu ya nje, Mheshimiwa, ina adabu. Inajitokeza mapema, inabadili rangi ya bamba, inachafua ukuta, na hata mlinzi wa getini anaweza kukuletea habari zake. Inayomaliza matangi ni ile ya ndani, inayokaa chini gizani, mahali ambapo wewe mwenye mali hujawahi kutia mguu. Hapo rangi ya nje haina la kufanya. Inasaidia kitu kimoja tu, nacho nakikiri: nyeupe hurudisha jua, tangi halipati joto sana, na kwa hiyo halipumui sana. Kuhusu kupumua nitaeleza, kwa sababu sina hakika kama aliyekuuzia rangi alikueleza.

Dizeli safi haili chuma. Kwenye tangi la dizeli, ukuta wa katikati unaofunikwa na mafuta miaka nenda miaka rudi mara nyingi ndio wenye afya kuliko mahali pengine popote. Nimeshakuta namba za kiwandani zilizopigwa kwenye bamba bado zinasomeka. (Petroli ni habari nyingine: haiachi utando wa kulinda chuma, na kila inapopanda na kushuka inaacha ukuta mtupu mbele ya hewa.) Kinachokula chuma cha tangi la dizeli ni maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umesifiwa sana, lakini nikutendee haki: maji huyatii. Unayaacha yajiingize yenyewe, na yakishaingia unayapa makazi.

Yanaingiaje? Mengine yanakuja na meli. Mengine ni mvua inayopita kwenye matundu ya paa, au kwenye mfuniko wa kupimia ambao kijana wa zamu aliuacha wazi kwa kuwa bawaba yake imekatika na ombi la kuitengeneza nalo linafanyiwa kazi. Na mengine tangi linayavuta lenyewe. Mchana jua la pwani likipiga paa, mvuke uliomo ndani unatanuka na kutokea kwenye valvu ya kupumulia. Usiku bamba likipoa, tangi linavuta hewa ya nje, na hewa yetu unaijua: ina unyevu, na upepo ukitoka baharini ina chumvi pia. Unyevu ule ukigusa paa lililopoa unageuka matone, matone yanatiririka ukutani. Ukipakia lori lita elfu 30 ni vivyo hivyo: mafuta yanatoka, na hewa ya ujazo ule ule inaingia kushika nafasi. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, yote yanamalizia safari yake sakafuni.

Sasa tupige hesabu ndogo. Tangi lenye kipenyo cha mita 20 lina sakafu ya mita za mraba 314. Maji ya kina cha sentimita 1 tu juu ya sakafu hiyo ni zaidi ya lita 3,100. Na sakafu za matangi hazibaki tambarare. Udongo unatulia, mabamba yanabonyea hapa na kuinuka pale, na kila bonde dogo linashika kidimbwi chake. Bomba la kutolea mafuta limewekwa juu kidogo ya sakafu, kwa makusudi, lisije likavuta maji na tope. Kilichopo chini ya mdomo wa bomba hilo hakiendi Morogoro wala Kampala. Kinabaki palepale, mwaka hadi mwaka, nacho kina chumvi, kina mchanga, kina wadudu.

Aliyebuni tangi lako hakuwa mjinga. Chini kabisa alitengeneza kishimo cha kukusanyia maji, akaunganisha bomba jembamba na koki ndogo, na koki hiyo ina kazi moja duniani: kutoa maji. Unasubiri mafuta yatulie, unaifungua taratibu, maji yanatoka, ukiona dizeli inaanza kuchanganyika unafunga. Katika njia zote za kuzuia kutu ndani ya tangi hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Haihitaji mkopo wa benki, wala mtaalamu kutoka ng'ambo mwenye kofia nyeupe.

Katika depo yako koki hiyo ina kufuli.

Ufunguo hauko kwa mpimaji wa zamu. Uko kwa mkuu wa ulinzi, na ili autoe inatakiwa saini ya mtu wa fedha, ambaye siku ya Jumamosi hayupo na siku nyingine yuko kikaoni. Nilipouliza sababu nikajibiwa neno moja: wizi. Nalikubali. Sote tunazijua ndoo za jioni, na sote tunajua kwamba zamani "kutoa maji" lilikuwa jina la heshima la kutoa dizeli. Lakini wizi huo una dawa zake: bomba la kutolea lenye kioo cha kutazamia, linaloishia kwenye bwawa la kutenganisha maji na mafuta badala ya kwenye ndoo, daftari, watu wawili kusaini. Wewe umechagua kufuli, na kufuli halijui kutofautisha maji na mafuta.

Kuna kisa kingine nyuma ya kufuli, nacho wenye depo hawapendi kukitaja mbele ya wageni. Maji yakitolewa, kina cha tangi kinashuka. Kina kikishuka, karani wa hesabu anaandika upotevu. Upotevu ukizidi kiwango, mpimaji anaandikiwa barua ya kujieleza. Yakibaki ndani, hakuna anayeulizwa chochote. Mpimaji ana watoto shuleni, anajifunza haraka. Kwa hiyo katika depo yako, Mheshimiwa, maji yamekuwa mali ya kampuni. Yamo kwenye vitabu na yana askari wake.

Nilitazama daftari la kupimia. Unajua jinsi maji yanavyopimwa: mpimaji anapaka dawa kwenye ncha ya utepe wa dipu, anaushusha mpaka uguse chini, na dawa inageuka rangi mpaka pale maji yalipofika. Kwenye daftari lako safu ya maji imejazwa kwa mwandiko mzuri, tarakimu ile ile, miezi mfululizo, meli ije isije, mvua inyeshe isinyeshe. Maji yenye nidhamu kiasi hicho sijawahi kuyaona kwingine pwani hii. Nikiruhusiwa kukisia, dawa ya kupaka iliisha na ombi la kununua nyingine liko kwenye meza ya mtu.

Nilitaja wadudu. Pale maji yanapokutana na dizeli wanaishi viumbe wadogo ambao wamegundua kwamba depo ni mahali pazuri: chini kuna maji ya kunywa, juu kuna mafuta ya kula, na hakuna anayewasumbua. Kuna fangasi anayejulikana sana katika biashara hii, Hormoconis resinae, aliyewahi kuziba mifumo ya mafuta ya ndege. Wanatengeneza ute, na chini ya ute huo, pasipofika hewa, wanakaa bakteria wanaokula salfeti na kutoa gesi inayonuka mayai viza. Tindikali zao zinakaa juu ya chuma palepale zilipotoka. Ukisikia wenye vituo wanalalamika kwamba vichungi vya pampu vinaziba kwa uchafu mweusi, usikimbilie kulaumu lori.

Nikueleze na ninachokikuta nikiingia kwenye matangi kama lako, maana picha za matangi mengine nilizoambatisha kwenye taarifa yangu labda hazikufunguliwa. Tangi limesafishwa, sakafu imekauka. Mtu asiyezoea anaona chuma kizee tu. Ukiinama unaona vinundu vya rangi ya kutu, vingine vidogo, vingine vya upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, vimejipanga zaidi kandokando ya mishono na kwenye mabonde. Gonga kimoja kwa nyundo ndogo. Kinapasuka, chini yake kuna unga mweusi unaonuka. Futa kwa kitambaa: kuna shimo lenye ukingo mkali, na chuma cha ndani yake kinang'aa, kwa sababu kimeliwa juzi tu na kinaendelea kuliwa. Sasa weka kipimo cha mawimbi ya sauti pembeni, upana wa vidole viwili kutoka kwenye shimo. Kinakusomea bamba zima, unene ule ule lililotoka nao kiwandani.

Ndiyo maana nilikataa kuandika wastani, ingawa meneja wako wa mradi aliniomba kwa upole. Mtu akipima sehemu tano za sakafu akapata milimita 6 kila mahali, atakuandikia cheti kizuri. Lakini mafuta hayavujii kwenye wastani, yanavujia kwenye shimo. Ndiyo maana siku hizi sakafu nzima hupitishiwa kigari chenye sumaku kinachonusa chuma kilichopungua, kisha kila penye mashaka panapimwa kwa mkono. Baada ya hapo ninazima tochi na kutazama juu. Paa likiwa zima, ni giza tupu. Paa likiwa kama walilonisimulia mafundi wako waliopanda juu kupaka rangi, wakaniambia brashi inazama, nitaona nyota mchana.

Kuna kanuni za haya mambo, na nakala yake niliiona kabatini kwako, bado ina karatasi ya nailoni. Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa kwanza kanuni yake namba 653, ya kukagua na kukarabati matangi, mwaka 1991, na kampuni nyingi za mafuta duniani zinaifuata. Inasema sakafu isiyo na kinga chini yake ya kugundua na kuzuia uvujaji haitakiwi kufika ukaguzi unaofuata ikiwa na unene wa chini ya milimita 2.5 mahali popote. Ikiwa kinga hiyo ipo, au sakafu imevalishwa bitana nene iliyoimarishwa, inaruhusiwa kushuka mpaka milimita 1.25. Bamba jipya la sakafu kwa kawaida ni milimita 6 na ushee. Una milimita tatu na nusu hivi za kuchezea. Shimo linalochimbika nusu milimita kwa mwaka linazimaliza kwa miaka 7. Niliuliza tangi hili lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Faili likasema "rejea faili la awali". Faili la awali, nikaambiwa, linatafutwa.

Utasema haya ni ya vitabuni. Basi twende Charleston, mji mkuu wa West Virginia, Marekani, tarehe 9 Januari 2014. Kampuni moja ilikuwa na matangi ya kemikali za kuoshea makaa ya mawe kando ya mto Elk, juu kidogo ya mahali mji unapotekea maji ya bomba. Siku hiyo wakazi wakasikia harufu tamu isiyo ya kawaida. Tangi lilikuwa linavuja sakafuni. Watu wapatao 300,000 wakaambiwa wasinywe maji ya bomba, wasipikie, wasiogee. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipolikata tangi lile ikakuta matundu mawili, kubwa lao halifiki sentimita 2. Kutu ya mashimo, iliyoanzia ndani. Na maji yaliyoileta, wakahitimisha, yaelekea yaliingilia kwenye paa lililotoboka. Kumbukumbu ya ukaguzi rasmi wa tangi hilo kabla ya ajali hawakuiona. Siku nane baadaye kampuni ilikuwa mahakamani inaomba kinga ya waliofilisika, na aliyekuwa rais wake akaja kufungwa mwezi mmoja. Mwezi si mrefu. Unatosha kufikiria paa.

Wala usidhani hao ni wazembe wa kipekee. Mwaka 2016 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilichapisha uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli, yale ya chini ya ardhi. Asilimia 83 yalikutwa na kutu ndani ya kiwango cha kati au kikali. Kabla ya kukaguliwa, chini ya robo ya wenyewe walikuwa na habari. Takwimu hii naipenda kwa sababu inakutoa wewe lawamani kidogo: kutojua kilichomo ndani ya tangi lako ni desturi ya kimataifa. Tofauti ni kwamba wewe umeshaambiwa.

Na huku kwetu, wakazi wa kando ya mto Thange, kaunti ya Makueni, hawahitaji semina. Mwaka 2015 mafuta kutoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978, yaliingia kwenye udongo na maji yao. Lile lilikuwa bomba, najua. Nyuma ya ukuta wa depo yako kuna nyumba zenye visima, na wenyewe hawana haja ya kujua kama kilichopasuka ni cha duara kilichosimama au cha duara kilicholala.

Tuje kwenye tiba, maana sikuja kulaumu tu. Koki ni ya kwanza, nimeshaisema. Ya pili ni bitana ya ndani: epoksi, ikibidi iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kwenye sakafu yote na kupanda ukutani nusu mita au zaidi, mahali maji yanapoweza kufika. Nasikia ulishaweka bitana kwenye tangi la jirani, na ikabanduka maganda kabla mkandarasi hajamaliza kulipwa. Mkandarasi huyo sijui kama ni shemeji wa mtu, na sikuuliza. Lakini nimeona karatasi za kazi. Chuma kilipigwa mchanga mchana vizuri tu, kikawa cheupe kama inavyotakiwa. Kisha kikaachwa kilale, na rangi ikapigwa alfajiri. Mwezi wa nne. Dar es Salaam.

Mtu yeyote aliyewahi kuanika nguo hapa mjini wakati wa masika angeweza kuwashauri. Chuma kilichopigwa mchanga kiko uchi. Hewa yenye unyevu inakirudishia kutu kwa muda mfupi mno, kutu nyembamba ambayo kwa taa hafifu huioni. Kanuni ya kazi hii ni kwamba joto la bamba lizidi kiwango cha umande kwa nyuzijoto 3 angalau, na lipimwe kabla ya kuanza na wakati kazi inaendelea. Kwa pwani, maana yake ni mashine ya kukausha hewa, ikivuma ndani ya tangi usiku na mchana mpaka rangi ishike. Katika zabuni yako mashine hiyo ilikuwapo. Ikafutwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa "si lazima". Ningependa sana kukutana na mwenye kalamu hiyo.

Baada ya rangi kukauka, bitana hupimwa kwa brashi ya umeme: inapitishwa juu ya sakafu, na palipo na tundu hata la sindano, cheche inaruka. Tundu hilo linazibwa siku hiyo hiyo. Usipolitafuta, kutu italitafuta, na itachimba hapo kwa bidii zaidi kuliko kama usingepaka kitu. Mishono ipakwe kwanza kwa brashi ya mkono. Chini ya mfuniko wa kupimia liwekwe bamba la ziada, maana uzito wa utepe wa dipu unagonga palepale kila zamu, na hakuna rangi inayostahimili kupigwa hivyo.

Kisha kuna anodi, vile vipande vya zinki au alumini vinavyofungwa sakafuni viliwe badala ya bamba. Ni vizuri kuwa navyo. Lakini vinafanya kazi vikiwa ndani ya maji tu. Paa na sehemu ya juu ya ukuta havizilindi hata kidogo, na vikiisha vimeisha. Usiniambie kwamba zako ziliwekwa zamani na mtaalamu mzuri. Mtaalamu huyo amestaafu, na zenyewe pia. Kwa matangi ya mafuta yanayopashwa joto, chuma cha anodi kinachaguliwa kwa uangalifu zaidi, kwani zinki kwenye maji ya moto inaweza kuacha kulinda. Nalisema hili nikiwaza mafuta ghafi ya Hoima, Uganda, yenye nta, yanayolazimika kusafirishwa kwa bomba yakiwa na joto la nyuzi 50 na zaidi kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Matangi ya kule ni mapya. Natamani yaanze maisha bila kufuli kwenye koki.

Kuhusu kutu inayotoka chini, upande wa udongo, sitasema leo. Ina waraka wake.

Lipo jambo moja ambalo sitalitania. Nimesikia kwamba, baada ya taarifa yangu, mtu wako mmoja alipendekeza kuokoa gharama: tangi lile dogo ambalo halijatumika muda mrefu lifunguliwe, na vibarua wawili waingie na koleo kukwangua kutu. "Ni tupu, halina mafuta." Mheshimiwa, kutu ni chuma kilichokula oksijeni. Tangi tupu lililofungwa, lenye unyevu na kutu, linaweza kuwa limemaliza hewa yake lenyewe bila tone la mafuta. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 haingii mtu bila hewa yake ya kubeba, na ikishuka sana anaanguka bila kusikia harufu yoyote. Mwenzake anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Ile gesi ya mayai viza nayo ina hila: ikizidi inaua pua kwanza, mtu anadhani imeondoka. Na kwenye matangi ya mafuta ghafi, ule unga mweusi ukikauka na kupata hewa unaweza kujiwasha wenyewe. Kitambaa puani si kifaa cha usalama. Pasipo kipimo cha gesi, kipulizo cha hewa, kibali kilichosainiwa na mtu anayesimama mlangoni muda wote, mlango huo ubaki na boliti zake. Na wale vibarua wana majina; yaandikwe kwenye kibali, si kwenye daftari la malipo ya kutwa peke yake.

Najua hoja yako ya mwisho, maana umeitoa kikaoni: tangi likitolewa kazini, kampuni inapoteza nafasi ya kuhifadhia kwa wiki kadhaa na meli haisubiri. Ni hoja ya kweli. Kulitoa tangi mafuta, kuondoa tope, kupiga mchanga na kuvalisha bitana ni kazi ya gharama na usumbufu. Lakini tangi litatoka kazini kwa vyovyote. Swali lililobaki ni kama tarehe utaipanga wewe au itapangwa na shimo, na shimo halipendi kusubiri meli iishe.

Kwa hiyo naomba tarehe. Iwe kati ya Juni na Septemba, wakati mvua zimepungua na hewa ni kavu kidogo, na mashine ya kukausha hewa irudishwe kwenye bajeti bila kujali rangi ya kalamu. Naomba paa litazamwe kabla ya mvua nyingine. Naomba karani wa hesabu aelekezwe kuandika maji kuwa ni maji, kwenye safu yake, yasimharibie mpimaji jina. Hayo yanaweza kungoja kikao. Ufunguo wa koki hauhitaji kikao: leo jioni, zamu inapobadilishana, mpe mpimaji na mtu wa pili wa kusaini naye, na kesho asubuhi utume mtu aandike ni lita ngapi zimetoka. Nitashukuru nikipata tarakimu hiyo, hata kwa simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkaguzi wa matangi

Nakala: Mkuu wa Ulinzi, kwa taarifa na utekelezaji.